Siku Tulipomkamata Marehemu

Watu wa Cheyo walinichagua kuwa diwani kwa sababu ya asali, wala sijawahi kujidanganya vinginevyo. Nilikuwa nauza asali katika soko la Tabora, asali ya Sikonge iliyokuja ndani ya madebe juu ya baiskeli, na nilikuwa siichanganyi na maji ya sukari. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kabla nchi haijaamua kuwa na chama kimoja, na vyama vidogo vilikuwa vinaota kama uyoga baada ya mvua. Chetu kilikuwa kidogo kuliko vyote. Alama yake ilikuwa mzinga wa nyuki. Wanachama tuliokuwa tunafika mkutanoni tungeweza kukaa kwenye mkeka mmoja na paka akapata nafasi ya kulala. Mume wangu, fundi baiskeli, alikuwa na kadi yetu, lakini nilimshuku kuwa kura yake aliipeleka kwa chama kikubwa. Nilipomuuliza alisema kura ni siri ya mtu, akaendelea kuziba pancha.

Mgombea wa chama kikubwa katika mtaa wetu alikuwa mtu mwema. Kosa lake ni kwamba aliwahi kusema mbele ya watu kuwa wanawake wa Cheyo wana domo. Basi domo hilo ndilo lililokwenda kupiga kura.

Barazani nilikuwa peke yangu. Madiwani wote wengine walikuwa wa chama kikubwa, watu wa heshima zao, wenye makoti na kofia za kushonwa kwa mkono, na walinikaribisha kwa upole kama unavyomkaribisha mgeni aliyekosea nyumba. Mwenyekiti aliuliza, "Wanaokubali?" Mikono ikainuka ukumbi mzima. Akauliza, "Wanaokataa?" Ukainuka wa kwangu. Katibu alizoea hali hiyo kiasi kwamba alikuwa akiandika "isipokuwa mmoja" kabla sijamaliza kunyoosha kiwiko. Sikuwa nakataa kila kitu kwa ukaidi, ingawa ukaidi ninao. Nilikataa kupandisha ushuru wa wauza mboga, nilikataa kuvunja vibanda vya mafundi viatu, na nilikataa ukumbi kununuliwa mapazia wakati kisima cha mtaa wetu hakina kamba. Nilishindwa yote matatu. Mapazia yalikuwa mazuri, nakiri.

Sasa huyo mwenyekiti lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mrefu, mwenye sauti iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja Tabora na msafara enzi za pembe za ndovu, akashikwa na homa, akauguzwa na binti wa hapa, na homa ilipoisha hakuona sababu ya kurudi pwani. Mimi ni Mnyamwezi, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wazee wetu walibeba mizigo kwenye njia ile mpaka pwani, wakipita Uzaramo wakigombania maji na chakula, na ugomvi ulipochosha pande zote mbili wakaugeuza utani. Tangu hapo mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Ukikasirika, aibu ni yako.

Tulikuwa tukikutana barabarani, mwenyekiti anapaza sauti kutoka ng'ambo: "We mpagazi! Mzigo wangu umefika?"

"Umefika, Mzaramo," namjibu, "lakini nimeuweka chini. Nimesikia mpokeaji yuko ngomani tangu juzi."

Watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Mama yake mzazi, bibi kizee aliyekuwa akinunua asali kwangu na kubishania bei mpaka jasho linitoke, aliniita "mwanangu mpagazi" na kunibania shavu. Lakini mwenyekiti akishaingia ukumbini na kukalia kile kiti chenye mgongo mrefu, utani aliuacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ingawa ukuta wenyewe ulikuwa ua wa mabua, alikuwa bibi mjane kutoka Sikonge. Alilea wajukuu wawili kwa kuuza mayai. Kuku wake aliwapenda kupita kiasi. Alijua ni yupi mvivu, yupi mwizi, yupi ana wivu. Na kama wafugaji wengi wa zama zile, aliotesha bangi nyuma ya jiko, miche miwili, ili kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikipita aloweke majani kwenye maji ya kuku. Mimi sijui kama dawa ile iliwaponya. Bwana mifugo alisema ni upuuzi. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba kuku wa bibi walikufa kama kuku wengine, ila walikufa wakiwa na furaha.

Askari wa baraza alikuja mtaani kutafuta pombe isiyo na kibali. Akiwa anapita akachungulia juu ya mabua ya bibi, akaona majani. Bibi, asiye na habari, alimkaribisha kigoda.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kinyamwezi cha kwao. "Unaangalia dawa yangu? Ni ya kuku hiyo. Wewe unafuga?"

"Nafuga, bibi. Lakini hii ni bangi."

"Ndiyo bangi. Majani matatu kwenye bakuli, usizidishe, jogoo atashindwa kuwika. Chukua ukawape na wako."

Askari alichukua kweli, lakini kama ushahidi. Nchi ilikuwa na sheria zake kubwa ambazo baraza letu halikuzigusa. Ila baraza lilikuwa na sheria yake ndogo juu ya mimea ya sumu, iliyorithiwa kwa wakoloni bila kubadilishwa hata nukta, na chini ya sheria hiyo anayekutwa na mmea uani kwake anapelekwa gerezani. Hapakuwa na onyo, hapakuwa na faini. Baraza ndilo lililofungua kesi, na hakimu alipanga kuisikiliza mwezi unaofuata.

Bibi hakulia. Angelia ningevumilia. Alichofanya ni kuanza kugawa kuku. Alipita nyumba hadi nyumba, mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, akieleza tabia za kila mmoja. Kwangu alileta mtetea wake mweusi aliyempenda kuliko wote.

"Huyu nitunzie mpaka nitoke," aliniambia. "Halali ndani ya tenga, mwache juu ya kinu. Nisipotoka, mle, lakini usimpe mtu mwingine amle."

"Na watoto, bibi?"

"Watoto nao wanalala popote," alisema, akatazama pembeni.

Hapo nilikasirika, na mimi nikikasirika hata mume wangu huhamia dukani. Nilikuwa nimetembea katika mji ule na madebe yangu kwa miaka, nimeingia nyua za matajiri na za maskini. Nilijua kwamba mmea ule ulikuwa umeota pande zote. Tofauti ilikuwa ukuta. Mwenye ukuta wa matofali askari hakuona kwake kitu ila matofali. Mwenye ua wa mabua alionekana mpaka alichopika jana. Hao waliokuwa gerezani kwa sheria ile wote walikuwa watu wa mabua. Mvutaji anayepiga watu barabarani sikuwa namtetea. Nilikuwa namtetea bibi na mtetea wake.

Nikaandaa hoja. Ilikuwa fupi: anayekutwa na mche uani kwake kwa mara ya kwanza, mche ung'olewe, aonywe mbele ya mashahidi, asifungwe, na kesi zilizo mbele ya hakimu baraza liziondoe. Mkutano ulipofika nikasimama nikaisoma. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo ukumbi wote uliyapigia meza.

"Mheshimiwa diwani, mwenye bangi ni mvuta bangi. Hakuna nyumba ya watu waadilifu katika mji huu yenye mmea huo uani. Kuna anayeiunga mkono hoja hii?"

Hoja isiyo na wa kuiunga mkono haijadiliwi, inakufa palepale. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Mmoja aliinamia viatu vyake. Mwingine, ambaye mkewe nilijua anaotesha, alianza kuyachunguza mapazia mapya. Sikuhitaji wengi, nilihitaji mkono mmoja. Nilipoona haupatikani, ulimi wangu ukateleza.

"Mzaramo," nilisema, "kama ningekuja na ngoma badala ya hoja, si ungekuwa umeshasimama?"

Huko barabarani angecheka mpaka ashike mbavu. Barazani aligonga kinyundo.

"Hapa hakuna utani, mheshimiwa. Tafadhali toka nje."

Nikatoka nje, nikakaa ngazini na hasira zangu. Kosa lilikuwa langu: utani una mahali pake, na mimi niliupeleka mahali penye kinyundo. Nilirudi Cheyo nikamkuta mtetea mweusi amelala juu ya kinu, akanitazama kwa jicho moja kana kwamba alitaka kujua matokeo.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kufika mkutano wa mwisho kabla ya kesi. Nilizunguka nyumba za madiwani wenzangu na chupa za asali. Walipokea asali. Wakasema wanamhurumia bibi, wakasema mimi ni mwanamke jasiri, wakasema tumwachie Mungu. Nikamwambia mume wangu kwamba Mungu hana kura katika baraza la mji. Akasema ndiyo maana yeye anatengeneza baiskeli.

Basi ikatokea kwamba mama yake mwenyekiti akafariki. Alikuwa ameshiba umri, alikula uji wake asubuhi, akalalamikia chumvi, akajinyoosha na hakuamka. Mji wote ulikwenda. Na sisi watani tulikwenda mbio kuliko wote, maana msiba wa mtani ni kazi yetu. Wenye msiba wanakaa chini na huzuni yao, sisi tunachota maji, tunapasua kuni, tunafagia, na tunafanya vituko ili watu wasizame katika machozi. Mnyamwezi mmoja alikuwa amevaa kanga ya marehemu na kubishania bei ya asali kwa sauti yake, sawasawa kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikajikuta natafuta chenji. Kisha nikakumbuka kuwa sitamsikia tena akibishana, nikaenda uani kufuta macho, nikajisingizia kwamba nafuata kuni.

Ua wa mwenyekiti ulizungukwa na ukuta wa matofali. Kuni zilipangwa nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku la marehemu. Pembeni yake palikuwa na mbaazi. Na katikati ya mbaazi, ikiwa imesimama kwa raha zake, mirefu, imemwagiliwa vizuri, ilikuwa miche mitatu ya bangi. Mlangoni mwa banda palikuwa na bakuli la maji na majani matatu yakielea. Marehemu naye hakuzidisha.

Nilisimama pale na mzigo wa kuni kichwani. Nitasema ukweli, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumwita mwenyekiti pembeni nimnong'oneze. Angeogopa aibu, angenipa chochote. Lakini mtu anayenong'ona namna hiyo anaitwa jina lingine, na jina hilo sikulitaka. Jambo la pili lilikuwa kunyamaza; msiba ni msiba, na yule mama nilimpenda. Halafu nikawaza, yeye mwenyewe angefanyaje? Yule aliyenibania shavu, aliyesema maneno mbele za watu wala hakuwahi kunong'ona maishani mwake? Nikajiona namjua vya kutosha. Nikavunja tawi.

Hofu nilikuwa nayo. Mwenyekiti akichukia, nimemtukana maiti, nimevunja utani wa wazee, na bibi anakwenda gerezani juu ya hayo yote. Nikalificha tawi chini ya kanga, nikarudi ndani.

Wanaume walikuwa wamejipanga kuingia kuchukua jeneza. Nikauchukua mchi wa jikoni, nikaulaza kizingitini, nikaketi juu yake. Wanyamwezi wenzangu, bila kujua lolote, wakaja kuketi nami kama ilivyo desturi, mlango ukafungika kwa watani.

"Huyu hatoki," nilitangaza.

Mdogo wake mwenyekiti alitabasamu, akatia mkono mfukoni. Ndivyo inavyokwenda, watani wanazuia, wenye msiba wanatoa chochote, mlango unafunguliwa.

"Rudisha mkono wako, Mzaramo," nilimwambia. "Huyu hatumzuii kwa hela. Yuko chini ya ulinzi."

"Kwa kosa gani tena?"

Nikalitoa tawi chini ya kanga, nikalinyanyua. "Amekutwa na bangi uani kwake, nyuma ya jiko, katikati ya mbaazi, kinyume cha sheria ndogo ya baraza la mji. Mwenyekiti wake ni huyu hapa anayelia. Marehemu haendi makaburini. Anakwenda gerezani."

Uani kuku waliendelea kuparura. Sheikh alilitazama jua, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Mwenyekiti alilitazama lile tawi. Ilikuwa dhahiri kwamba hakujua. Ni mwanamume gani anayetembelea banda la kuku la mama yake? Uso wake ulipita rangi zote.

Ndipo sauti nyembamba ikatoka chumbani, ya dada yake marehemu, kizee mwenzake.

"Nilimwambia aing'oe!" alifoka huku analia. "Nilimwambia, mwanao ni mkubwa wa mji, ing'oe. Akanijibu mkubwa wa mji anapenda mayai!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikatoka mlangoni, kikavuka ua mpaka barabarani. Sheikh aligeukia ukuta, lakini mabega yake niliyaona. Na mwenyekiti alicheka. Alicheka machozi yakimtiririka mashavuni, hata usingejua ni yapi ya kicheko na yapi ya mama yake. Nafikiri hata yeye hakujua. Alipopata pumzi akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mpagazi," alisema, "unataka nini?"

"Nataka mkono mmoja."

Alielewa palepale. Sikulazimika kumtaja bibi wala kuku. Alinitazama, akatazama jeneza, akayatazama matofali ya ukuta wake.

"Umeupata," alisema. "Mashahidi ndio hawa."

Nikasimama, nikaondoa mchi. "Haya mama," nilimwambia marehemu, "nenda kwa amani, umepewa dhamana. Kuku wako nitawalisha." Wanaume wakambeba wakatoka naye, na baadhi yao walikuwa bado wanajifuta macho kwa mikono ya kanzu.

Jioni mume wangu alikuwa ameshasikia kwa wateja. "Ulimkamata marehemu?" aliniuliza.

"Nimempa dhamana," nilimjibu. Akatikisa kichwa akasema ataandika barua ya kuhamia kijijini Choma akafuge ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hawana siasa.

Mkutano wa baraza ulipofika, nilisimama nikasoma hoja yangu ileile. Mwenyekiti hakuuliza kama kuna wa kuiunga mkono. Alinyanyuka kutoka kwenye kile kiti, akamkabidhi makamu wake kinyundo, akashuka, akaja kusimama upande wangu wa meza. Hatujawahi kuona jambo kama hilo.

"Naiunga mkono," alisema. "Mama yangu alikuwa na ukuta. Jirani wa mheshimiwa hana. Nimetafuta tofauti nyingine kati yao sikuiona."

Akakaa. Waliokuwa wamechunguza viatu na mapazia safari ile sasa walikuwa wanakohoa na kutazamana. Makamu akauliza, "Wanaokubali?" Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, halafu kwa pamoja, kama mvua inavyoanza juu ya bati. Mimi nilikuwa nawatazama tu, nimejaa furaha mpaka kooni. Makamu akauliza, "Wanaokataa?"

Na mkono wangu ukainuka wenyewe.

Ulikuwa umezoea. Miezi yote ile haukuwahi kuitikia swali la kwanza, na siku ile nao ulisubiri zamu yake. Katibu, bila kunyanyua macho, akaandika "isipokuwa mmoja". Ukumbi ulinishangaa, mimi niliyekuwa nimeipinga hoja yangu mwenyewe, mkono juu kama mlingoti.

"Mpagazi!" mwenyekiti alipaza sauti, ndani ya baraza, mbele ya kinyundo na mapazia. "Shusha mzigo! Umefika!"

Walicheka mpaka makamu akashindwa kugonga. Walipotulia, mwenyekiti alirudi kitini pake, akavaa kofia sawasawa, na kwa sauti ile ya kujaza ukumbi akasema, "Baraza limeondoa kesi." Mpaka leo naisikia.

Sikungoja ajenda nyingine. Nilikwenda Cheyo nusu natembea nusu nakimbia, kanga imeshuka mabegani, watu wakiniuliza nani amekufa. Nilimkuta bibi anachambua mchele. Nilimweleza mara mbili kabla hajaniamini. Akaweka ungo chini, akashika mikono yangu miwili, akaniuliza swali moja.

"Kuku wangu?"

Tulizunguka mtaa mzima kuwakusanya, yeye, mimi na wajukuu. Wengi walirudi. Jirani mmoja alikuwa ameshamla jogoo, akaapa kwamba jogoo alijitupa mwenyewe ndani ya sufuria kwa upweke. Bibi alimsamehe, lakini hakumuuzia tena yai. Mtetea mweusi alikataa kushuka juu ya kinu changu, tukambeba na kinu chake. Kesho yake askari alikuja, miche ikang'olewa mbele ya mashahidi kama sheria mpya ilivyotaka, bibi akaonywa, naye akamuuliza askari kama kuku wake wanaendelea vizuri.

Chama chetu hakikudumu. Nchi ilipochagua chama kimoja, tulikutana juu ya mkeka wetu, tukanywa chai, tukavunja chama bila kura, kwa maana hata tungepiga nisingeuamini mkono wangu. Alama yetu ya mzinga nilikwenda nayo nyumbani. Halafu ukaja Ujamaa, na vijiji vipya, na foleni za sukari. Kwa upande wa asali sukari kuadimika hakukuniumiza. Nilihudumu tena barazani kwa kadi ya chama kikubwa, na mume wangu akasema sasa hatimaye tuko chama kimoja, maneno ambayo niliyachukua kama ungamo.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufia kwake, juu ya kitanda chake, mlango ukiwa wazi na kuku wakiingia na kutoka. Mjukuu mmoja alikuwa mwalimu kijijini, mwingine dereva wa trekta la ushirika, na wote wawili walifika wakati bado anawatambua.

Siku ya kumzika, jeneza likiwa tayari, tulikuta mlango umezibwa. Mzee mmoja mrefu alikuwa ameketi kizingitini, bakora ameilaza mapajani. Uenyekiti alikwisha kuuacha zamani, na goti moja lilikuwa bovu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Huyu hatoki," alisema mwenyekiti. "Ana kesi."

Wajukuu wakanigeukia. "Kesi gani tena, Mzaramo?" nilimuuliza.

"Ya bangi. Miche miwili. Ushahidi upo."

Watu wakaanza kucheka, na mimi nikafungua pindo la kanga kutafuta cha kumpa. Nilidhani atataka asali, au kuku. "Haya, sema," nilimwambia, "unataka nini?"

Aliushika mwimo wa mlango akajiinua polepole, akavua kofia. Akalitazama jeneza, kisha akasema, kwa sauti ya kujaza ukumbi, ingawa mbele yake palikuwa na ua wa mabua tu:

"Baraza limeondoa kesi. Pita, mama."

Akasogea pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa utani, lakini machozi yakanitoka na kicheko pamoja. Nikampa mkono wangu aushike kwa sababu ya lile goti, tukawafuata waliobeba.